Meza ya Watu wa Kijiji Kimoja

Nilianza kwenda kwenye kile kituo cha wazee kwa sababu ya ndizi. Mjukuu wangu ndiye muuguzi mkuu pale, na asubuhi hiyo alitoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni. Nikazifunga ndizi za kuchemsha kwenye leso nikamfuata. Kutoka kwangu ni kukata stendi ya mabasi ya Lamu, upite soko la ng'ombe, umefika. Nikampa ndizi zake, nikakaa kwenye benchi kupumzisha goti, nikatazama watu. Kesho yake nikarudi. Hakuna aliyeniajiri na hakuna aliyenifukuza.

Niseme kwanza habari za huyu mjukuu. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Mto ulifurika ukaingia madarasani, na maji yalipotoka nilikuwa nimeshazoea jembe. Mama yake alifika la nane. Yeye anavaa sare nyeupe na saa ya kifuani, na daktari akija kutoka Malindi, kabla ya kumgusa mgonjwa anamuuliza yeye kwanza. Nikipita naye sokoni natembea polepole makusudi ili watu watuone vizuri. Anajua, na ananiacha.

Kituo ni nyumba mbili ndefu za mabati, wanawake huku, wanaume kule, na ukumbi katikati. Humo kuna Wapokomo kama mimi, kuna Waorma, kuna Wagiriama na Wasomali wachache. Wengi waliletwa baada ya mafuriko, nyumba zao zimekwenda na maji na watoto wao wamekwenda kutafuta kazi.

Nilipoanza kwenda, kila mzee alikuwa anakula kitandani. Mpishi anapita na masinia, chakula kinafika kimepoa na nzi wameshakionja. Wali unamwagikia shuka. Huyu anakula na jirani yake anakojoa kwenye beseni, bega kwa bega. Mjukuu wangu alikuwa akiliona hilo anauma meno. Wakampeleka mafunzo Malindi wiki nzima, akarudi na faili nene na macho yanawaka.

"Nyanya, wazee wanatakiwa wale pamoja. Mezani, kama watu. Mtu akila peke yake kila siku roho inasinyaa."

"Basi walishe mezani."

"Ndiyo nataka. Na si kukaa ovyo. Kila meza watu wa kijiji kimoja, wapate la kuzungumza."

Alihangaika mpaka fundi akaleta meza na viti. Akakaa na penseli akachora nani atakaa wapi. Akaweka na sheria moja: mtu haondoki mezani mpaka wenzake wote wamalize. Alikuwa ameona wenye kula polepole wakiachwa peke yao wanaona haya, wanasukuma sahani. Nilimsifu mbele ya kila mtu. Nilisema hata mimi nisingewaza.

Na ukumbi ulibadilika kweli. Wazee wawili wa Kipokomo, waongo wa siku nyingi, wakaanza kubishana ni nani kati yao aliyefukuzwa na kiboko mkubwa zaidi, na kila mlo kiboko anaongezeka. Waorma wakakumbushana malisho ya Bangale na majina ya ng'ombe waliokufa kabla mjukuu wangu hajazaliwa. Watu walikuwa wanakula huku wanacheka. Isipokuwa meza ya dirishani.

Meza ya dirishani walikaa wawili tu, Wagiriama wa kijiji kimoja cha mashamba, huko chini upande wa Ozi. Mmoja bibi mrefu, mikono yake bado ni ya mtu wa jembe. Mmoja mzee mwenye mguu mbovu na kofia ambayo sikuwahi kuona ameivua. Nywele zao zote nyeupe, meno yao wote yanahesabika.

Yule bibi, zamani za kula kitandani, alikuwa anakula kama mtu aliyetoka kuvuna. Ugali anaumaliza, mchicha anaumaliza, sahani anaifuta kwa kidole. Siku meza zilipoanza akaacha. Anakuja, anakaa, anavuta leso mpaka usoni, anageukia dirisha. Ukimuuliza anasema, "Nimeshiba." Ameshiba nini? Sahani inarudi jikoni kama ilivyotoka. Kilichomweka hai ni uji wa asubuhi, kwa sababu uji bado tulikuwa tunawapa vyumbani.

Mjukuu wangu akampima malaria, hana. Akamtazama kinywa, hakuna kidonda. Akampa dawa ya minyoo. Kila Jumatatu anampandisha kwenye mizani, na kila Jumatatu anashuka akiwa mwepesi kuliko alivyopanda wiki iliyopita. Mpishi akanuna, akasema kama chakula chake hakiliki basi bibi aje jikoni ashike mwiko mwenyewe.

"Nyanya," mjukuu wangu akaniambia siku moja tukirudi nyumbani, "akiendelea hivi mpaka mwisho wa mwezi sina budi nimpeleke hospitali wamtie mpira puani wamlishe."

Jirani yangu alitiwa huo mpira. Alikwenda akiwa amekaa kwenye kiti cha basi, akarudi amelala nyuma ya pikapu.

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, tangu utotoni, na nimepigwa sana kwa ajili yake. Nikahamisha benchi langu nikaitazama ile meza. Siku ya kwanza nilimtazama bibi, sikupata kitu. Siku ya pili nikamtazama mzee, na huyo ndiye aliyenishangaza. Anakaa upande upande kama mtu anayengoja basi. Kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Anakula mbiombio, macho ukutani, akimaliza anaweka mikono katikati ya magoti na kungoja sheria imwachilie. Wiki nzima sikumwona akimtazama yule bibi hata mara moja. Na bibi pia hamtazami. Watu wa kijiji kimoja, meza moja, na salamu hawapeani!

Nikawaza. Watu wasiotazamana hivyo, nikajiambia, ama waligombana ama walipendana. Wangekuwa wamegombana, tungeshasikia tusi, maana wazee hawana subira. Basi walipendana. Nikafurahi kwa kuwa nimegundua, nikaenda.

Bibi alikuwa kwenye ngazi ya nyumba ya wanawake, anachambua mchele kwenye ungo. Kazi hiyo alijipa mwenyewe, na mpishi alikuwa anamshukuru kwayo hata alipomnunia. Nikakaa karibu yake.

"Dada, yule mzee wa mezani kwenu."

Mkono ukasimama kwenye mchele. "Ana nini?"

"Nakuuliza wewe. Yeye ndiye anakutaka au ni wewe unamtaka? Uzee si dhambi. Niambie tu, mimi sisemi kwa mtu."

Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyekojoa kisimani.

"Wewe umezaa?"

"Nimezaa saba."

"Saba," akasema. "Na hakuna aliyekufundisha kitu."

Akainuka na ungo wake, akaingia ndani. Toka siku hiyo nikimsalimia haitikii. Hilo ningelivumilia. Lakini kesho yake na uji aliukataa, na kesho kutwa vilevile. Mjukuu wangu akanijia amekunja uso. "Sasa hata uji, Nyanya. Sijui nimefanya nini." Nikatazama miguu yangu. Nilijua ni mimi, na sikusema. Mtu anayetembea polepole sokoni ili aonekane, ni vigumu kusema ameharibu.

Siku ya tatu mvua ilinyesha alfajiri. Kati ya nyumba mbili zile kuna njia ya kwenda kwenye mfereji wa maji, na pembeni yake, kwenye ua, umeota mathenge, ule mti wa miiba, na chini yake matope ya kutosha kuzamisha mbuzi. Nilikuwa nimekaa barazani namenya kunde. Yule mzee akatoka chooni anachechemea na fimbo yake. Kutoka nyumba ya wanawake akatoka bibi na ndoo ndogo. Njia ni moja, wanakuja kukutana.

Mzee akamwona. Akasimama. Kisha, na mguu wake ule, akaiacha njia! Akaingia matopeni mpaka kwenye miiba, akawapa watu mgongo, uso kwenye ua, amesimama wima kama nguzo. Bibi akavuta leso, akapita upande wa pili mbiombio, macho chini. Alipokwisha kupita, mzee akataka kutoka, ndara imemezwa na tope.

Nikamwaga kunde nikaenda.

"Mzee, njia hii inapitisha hata mkokoteni."

"Nivutie ndara kwanza."

Nikaingiza mkono, nikaivuta, nikaishika. "Ndara hii hapa. Sema."

"Nipe."

"Sema kwanza."

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Sauti akaishusha. "Yule amenizalia."

"Amekuzalia nini? Ninyi si rika moja?"

"Amenizalia mke."

Nikampa ndara. Nikakaa pale pale kwenye jiwe la kufulia. Mkwewe! Na mimi nimemwendea mama wa watu kumuuliza kama anamtaka mume wa binti yake. Hata kwetu Wapokomo mkwe ana heshima yake, mimi mwenyewe miaka ya mwanzo sikutia tonge mdomoni mbele ya mume wa mwanangu. Lakini nani angewaza? Kumbe bibi alimzaa binti yake akiwa bado msichana mdogo, na huyu bwana alimwoa binti akiwa mtu mzima mwenye shamba lake. Siku hizo ungewaona ungejua mama ni nani na mkwe ni nani. Uzee umepita juu yao wote wawili ukawafanya mapacha.

"Na mkeo?"

"Alifariki akizaa. Na mtoto naye." Alisema haraka, kama anavyokula.

"Na umekaa na mama mkwe meza moja mwezi mzima!"

"Nilipangiwa."

"Una mdomo. Ungesema."

"Nani aliniuliza?" Sasa alikasirika. "Waliniuliza sukari, wakaniuliza presha, wakaniuliza kitambulisho. Wakaniuliza kama nina ndugu humu kituoni, nikasema sina. Ningesema ninaye, ningetakiwa kumtaja. Na mimi simtaji yule. Nakula haraka niondoke apate kula, mjukuu wako anasema kaa. Mimi nimeshapeleka habari kwa mpwa wangu, aje anichukue."

"Mpwa wako ana nyumba?"

"Ana turubai."

Akavaa ndara akaenda zake. Nikabaki kwenye jiwe. Kumbe mzee huyu, mguu mmoja mbovu, alikuwa tayari kwenda kulala chini ya turubai na mvua hizi ili bibi yule ale.

Nikaenda ofisini na matope yangu. Mjukuu wangu alikuwa anaandika barua ya hospitali. Nikamwambia iache. Nikamweleza yote, lile la mapenzi nikaliacha.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kalamu chini. "Nyanya, hizo mila ni za zamani. Watu wazima hawa, wagonjwa. Nitawaambia tu hapa ni kituo, wakae bila wasiwasi."

"Wewe ungekula umevua nguo mbele ya baba mkwe wako, kwa kuwa ni kituo?"

"Si sawa na hiyo."

"Kwake ni sawa na hiyo."

Macho yakamjaa maji. Akageukia ukuta kunificha. "Zile meza ndizo kitu kizuri cha kwanza nilichofanya hapa."

"Meza ni nzuri, mke mwenzangu." Huwa namwita hivyo, marehemu babu yake alikuwa akimtania kwamba atamwoa yeye aniache mimi. "Hakuna aliyekula vibaya ila hao wawili. Ila hukuuliza. Na mimi niliyeuliza, niliuliza ujinga."

"Uliuliza nini?"

Nikamwambia.

Alianza kwa kuziba mdomo. Kisha akacheka mpaka akashika meza, machozi yale yale yakapata kazi nyingine. "Nyanya! Ulimwambia anamtaka mkwewe!"

"Punguza sauti."

"Ndiyo maana hata uji!"

"Nimesema punguza sauti."

Alipotulia, akili yake ya faili ikarudi. Akasema kuna rafiki yake Mgiriama chuoni alimweleza kwamba heshima hiyo inaweza kufunguliwa, mkwe akitoa kitu, nguo au kuku, basi wanaweza kuketi pamoja. Kuku angenunua yeye, leo leo. Nikaona ni jambo zuri. Tukaenda kwa bibi wote wawili.

Nilitangulia mimi. "Dada, nilisema upumbavu. Nisamehe."

"Ulisema," akajibu. Akasogea kidogo kwenye ngazi, nafasi ya makalio ya mtu mmoja. Nikakaa.

Mjukuu wangu akachuchumaa mbele yake, akaeleza habari ya kuku, kwa adabu, sauti laini. Bibi akamwacha amalize.

"Inafunguliwa, ndiyo," akasema. "Wenye kutaka hufungua. Mimi sitaki."

"Kwa nini, Bibi?"

"Binti yangu alizikwa shambani. Shamba lilichukuliwa na mto, na kaburi humo. Mtoto hakuacha. Picha hakupigwa. Kilichobaki cha kuonyesha kwamba nilizaa binti, akakua, akaposwa, watu wakala harusi, ni yule mwanamume kunipisha njia. Akikaa mbele yangu atafune, mimi na yeye tutakuwa wazee wawili tu wa kituo."

Mjukuu wangu alikuwa na faili mkononi. Alilifunga polepole. Hakusema mafunzo yanasemaje.

Akaniambia tusihamishe meza hata moja kabla ya kuuliza, tusije tukamtoa mmoja kwenye shimo tukamtia mwingine. Akapita kitanda kwa kitanda, mimi nyuma yake, na swali moja tu: humu ndani, ni nani au ni kitu gani kinachokuzuia kula? Nilidhani watacheka. Hawakucheka hata kidogo, ni kama walikuwa wakilingoja. Mzee mmoja wa Kiorma akasema harufu ya samaki inamfunga koo, na kila siku ya samaki amekuwa akila huku ameshika pumzi. Mama mmoja akasema hawezi kula mgongo wake ukiwa mlangoni. Muongo wa kwanza wa Kipokomo akasema muongo wa pili anafyonza mifupa kama mbwa. Wa pili akasema wa kwanza anazungumza na chakula mdomoni na kiboko wake anamrukia usoni. Tukawauliza basi mnataka kutenganishwa? Wakakasirika wote wawili kwa pamoja, wakatuuliza ni nani amesema hivyo.

Mchana huo meza moja ilibebwa nje, ikawekwa kwenye baraza ya upande wa barabara, ukuta mzima kati yake na ukumbi. Mzee wa kofia akawekwa hapo, na wale waongo wawili tukawaomba wakae naye asile peke yake. Walilalamika njia nzima na viti vyao. Walipofika nje wakaona mabasi na ng'ombe wanaopita, wakanyamaza, kisha wakaanza kumweleza mgeni wao habari za kiboko.

Ndani, bibi akaja akakaa dirishani, leso usoni. Mimi nikakaa kiti kilichoachwa. Mpishi akaleta ugali na samaki wadogo wa mto waliotiwa nazi, kisha akasimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko wake. Mjukuu wangu akajifanya anaandika. Kalamu haikuwa na wino, niliiona mimi.

"Huko kumeondoka?" bibi akaniuliza chini ya leso, bila kumtaja mtu.

"Kumeondoka."

"Na mlango wa barazani?"

"Umefungwa."

Akangoja kidogo. Kisha akashusha leso. Akanawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Akamega tonge dogo, akalichovya, akalitia mdomoni, akafumba macho. Mpishi alikuwa anahesabu matonge kwa midomo, nikamwona. La pili. La tatu likawa kubwa. Baadaye bibi aliinamia sahani kama mtu aliye peke yake shambani kwake, anapasua samaki kwa vidole, na miiba anaipanga ukingoni mwa sahani. Ugali ukaisha. Akainua macho kwa mpishi bila kusema, na mpishi akaenda mbio kuleta mwingine. Mwanamke mnene yule, sikujua anaweza kukimbia.

Mjukuu wangu akatoka. Nadhani alikwenda kuichana ile barua.

Katikati ya sahani ya pili bibi akaacha kula kidogo. Akatazama samaki wake, si mimi.

"Huko nje wameshapewa?"

"Wameshapewa."

"Samaki hawahawa?"

"Hawahawa."

Akatafuna. Akameza. "Wana miiba mingi. Na huko kuna mtu haoni vizuri."

Nikainuka nikaenda barazani. Mzee alikuwa ameinamia sahani, pua karibu iguse mchuzi, anapapasa samaki kwa kidole kama anayetafuta sindano mchangani. Nikavuta kiti, nikaisogeza sahani yake upande wangu, nikaanza kutoa miiba mmoja mmoja.

Hakuuliza ni nani aliyenituma. Alivua kofia akaiweka pajani, akangoja.